Namna nilivyoendesha mashindano ya Tekken Mtwara kwa utaratibu wa Evo

Kijana mmoja alitoka Mikindani kwa daladala akiwa ameifunga pedi yake ya kuchezea gemu kwa kanga ya mama yake, akalipa kiingilio cha shilingi 2,000, akakaa kwenye benchi saa mbili na nusu akisubiri jina lake lisomwe, kisha akapoteza mechi moja iliyochukua dakika saba, na safari yake ikawa imekwisha. Hayo yalikuwa mashindano yangu ya kwanza ya Tekken, gemu ya video ya mapigano kati ya watu wawili, niliyoyaandaa katika chumba cha nyuma cha duka la mjomba wangu hapa Chikongola, wakati msimu wa korosho umeuchangamsha mji na vijana wana fedha mfukoni. Walijiandikisha watu 32. Kwa utaratibu wa mtoano tuliouzoea kwenye mpira, raundi ya kwanza pekee iliwatoa watu 16, na wengi wao sikuwaona tena kwenye kibanda changu cha gemu kwa miezi kadhaa. Yule wa Mikindani aliniaga kwa heshima, akakunja kanga yake, akaondoka. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua nimemtoza nauli na kiingilio kwa dakika saba za mchezo.

Dawa ya jambo hilo nilikuwa nikiitazama kila mwaka bila kuichunguza. Evo, kwa jina kamili Evolution Championship Series, ni mashindano makubwa ya gemu za mapigano ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakifanyika Las Vegas, Marekani. Kuyafuatilia kutoka Mtwara kunataka uvumilivu na bando la kutosha, kwani wakati wa kiangazi chao mji huo uko nyuma yetu kwa saa kumi: wao wakiwa saa nne asubuhi, sisi tuko saa mbili usiku, na nimewahi kuzitazama mechi hadi nikasikia adhana ya alfajiri. Mashindano hayo yalianza mwaka 1996 huko Sunnyvale, California, yakiitwa Battle by the Bay, yakiwa na wachezaji 40 tu, idadi ambayo chumba cha mjomba wangu kingeweza kuipokea kwa kubanana. Mwaka 2023, gemu moja peke yake, Street Fighter 6, ilijiandikisha wachezaji zaidi ya 7,000. Jambo ambalo halijabadilika katika muda wote huo ni kwamba mlango uko wazi, bingwa na mtu asiyejulikana wanaandika majina yao katika orodha ileile, na kila mmoja ana haki ya kupoteza mara moja akabaki mashindanoni.

Haki hiyo ya kupoteza mara moja ndiyo niliyoitafuta. Anayeshindwa huhamia upande wa waliopoteza, akaendelea kucheza huko na wenzake, na hutoka pale tu anaposhindwa mara ya pili. Atakayebaki wa mwisho upande huo huenda kukutana na yule ambaye hajapoteza, na kwa kuwa mmoja ana doa na mwingine hana, aliyetoka upande wa waliopoteza hulazimika kumshinda mwenzake mara mbili. Wapo vijana walioniambia kwamba huko ni kuwabembeleza wanyonge. Niliwajibu kwa kuwaonyesha kwenye simu pambano la mwaka 2004 ambalo karibu kila mpenzi wa gemu za mapigano amewahi kuliona.

Daigo Umehara wa Japani, akimtumia mhusika aitwaye Ken katika Street Fighter III: 3rd Strike, alikuwa amebakiwa na uhai mwembamba kama uzi mbele ya Chun-Li, mhusika wa Justin Wong wa Marekani. Chun-Li akaachia pigo lake kuu lenye mateke 15 mfululizo. Kuzuia kwa kawaida kusingemwokoa Ken, kwa kuwa pigo la aina hiyo hata likizuiwa hukwangua uhai kidogo, na kidogo hicho kilitosha kummaliza. Njia iliyobaki ilikuwa kusukuma fimbo mbele, kuelekea kwenye teke lenyewe, katika sehemu ndogo mno ya sekunde kabla halijatua, na kulirudia hilo kwa kila teke. Daigo aliyapokea yote 15, kisha akajibu kwa kombo, yaani mapigo yaliyounganishwa, iliyomaliza raundi hiyo, ukumbi mzima ukiwa umesimama. Vijana wangu walikuwa wakilijua pambano hilo, ila hawakujua kwamba lilikuwa fainali ya upande wa waliopoteza. Wote wawili walikuwa wameshapoteza mechi kabla ya hapo. Kwa mtoano wa kwetu, wangekuwa nje wakinunua maji.

Ruhusa ya mjomba haikupatikana kirahisi. Alisikia neno kiingilio na neno zawadi, akafikiria kamari. "Njomba," aliniambia, maana huku Kusini mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili, "biashara yangu ina jina, sitaki mzazi aje hapa kunililia." Tulikubaliana kwamba mshindi apewe pedi mpya badala ya fedha, kiingilio kiende kwenye umeme na maji ya kunywa, na mwanafunzi asishiriki siku ya shule. Masharti hayo niliyaona ya haki na nimeendelea kuyafuata.

Kisha nikaketi na daftari. Watu wengi huogopa utaratibu huu wakidhani hesabu yake ni ngumu, kumbe ni nyepesi: kila mtu isipokuwa bingwa lazima apoteze mara mbili, na bingwa mwenyewe anaweza kupoteza mara moja au asipoteze kabisa. Wachezaji 23 walipojiandikisha, nilijua kwamba nitakuwa na mechi 44, au 45 fainali ikirudiwa. Nilikuwa nimepima kwa saa ya simu kwamba mechi ya kushinda michezo miwili kati ya mitatu, pamoja na kubadilishana viti, huchukua kama dakika nane, kwa hiyo runinga moja ingenila karibu saa sita. Niliazima mashine ya pili ya gemu, PS4, na runinga ya pili kutoka kwa jirani. Gemu ilikuwa Tekken 7 ya mwaka 2017, kwa kuwa Tekken 8 haichezeki kwenye PS4, na mashine mpya ni ghali mno kwa kibanda kama changu.

Runinga hiyo ya jirani ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo natamani kila mwandaaji alijue. Ilikuwa kubwa na picha yake ilipendeza, lakini siku ya majaribio mchezaji wangu mmoja mtulivu, asiye na tabia ya kulalamika, alisema kuwa mateke anayoyazuia kila siku yanampata. Niliingia hali ya mazoezi, nikamweka mhusika aitwaye Bryan na teke lake la chini la taratibu, ambalo huchukua karibu nusu sekunde kufika na mtu mwenye macho mazuri hulizuia bila shida. Kwenye runinga yangu ndogo nililizuia mara tisa kati ya kumi; kwenye ile kubwa, mara nne. Tekken huonyesha picha 60 kwa sekunde moja, na wachezaji huita kila picha freimu. Runinga ikisita ili kuirembesha picha kabla ya kuionyesha, inamwibia mchezaji freimu kadhaa, na anayepaswa kumwadhibu mwenzake ndani ya freimu kumi hujikuta amechelewa bila kosa lake. Nilipekua menyu mpaka nikapata hali ya gemu, ambayo huzima urembeshaji huo, nikarudia jaribio na kuzuia mara nane. Tangu hapo siweki runinga yoyote mashindanoni kabla ya kuipima kwa teke la Bryan.

Kanuni nyingine nilizichukua kama zilivyo huko kwa wakubwa. Kila mtu alete pedi yake. Aliyeshinda mchezo abaki na mhusika wake, aliyeshindwa aruhusiwe kubadilisha. Atakayesimamisha mchezo katikati, hata kwa bahati mbaya, apoteze raundi hiyo, na kwa sababu hii nilitaka kila pedi iunganishwe kwa waya, maana pedi isiyo na waya iliyosahauliwa mfukoni ikibonyezwa inaweza kusimamisha mechi ya watu wengine.

Siku yenyewe nilikosea jambo moja, na lilikuwa kosa langu peke yangu. Nilikuwa nimechora ramani ya mechi kwenye karatasi ya manila, lakini mishale ya waliopoteza niliishusha moja kwa moja chini badala ya kuivusha kwenda nusu ya pili ya ramani. Matokeo yake, wachezaji wawili wa Magomeni waliocheza pamoja saa tano wakapangwa tena pamoja saa saba, na mmoja angetolewa na mtu yuleyule mara zote mbili. Walikuwa sahihi kulalamika. Nilisimamisha mechi, nikaomba radhi mbele ya wote, nikachora upya kwa kalamu nyekundu. Umeme nao ulikatika kwa dakika 40, muda ambao tuliutumia kubishana kuhusu mchezaji wa Tekken aitwaye Arslan Ash.

Ubishi huo ulikuwa na maana kubwa kwangu. Arslan anatoka Lahore, Pakistani, na kabla ya mwaka 2019 watu wachache walioufuatilia mchezo huu walilijua jina lake. Februari mwaka huo alitwaa Tekken 7 kwenye Evo ya Japani, baada ya shida nyingi za viza na safari, na alipoulizwa akasema kwamba nyumbani kwao wapo wengine wenye uwezo kama wake. Agosti akatwaa na ile ya Las Vegas, akimshinda Knee wa Korea Kusini kwenye fainali. Wengine waliwaza kwamba ana kipaji cha pekee. Mimi nashikilia kwamba alichokuwa nacho ni watu wa kumshinda mara kwa mara pale pale mtaani, uso kwa uso, bila intaneti ya kusuasua kati yao. Mtwara hatuna intaneti ya kuchezea Tekken na mtu wa Seoul, lakini watu 23 ndani ya chumba kimoja tunao, na kwa utaratibu huu hata aliyetoka mapema kuliko wote alicheza mechi mbili.

Kijana wa Mikindani alikuja, baada ya mimi kumpigia simu mara tatu. Alipoteza mechi yake ya kwanza kama mwaka uliopita, akahamia upande wa pili, na huko akashinda mara nne mfululizo kwa kumtumia mhusika aitwaye King, akisoma mikono ya wapinzani na kuwanyaka wanapotaka kukwepa. Alitolewa akiwa wa tano. Fainali ilikwisha saa tatu kasoro usiku, na mwenzetu mmoja wa Ligula akaondoka na pedi mpya bila kupoteza mechi hata moja. Daladala za Mikindani zilikuwa zimekwisha. Mjomba alitoka dukani, akamwita bodaboda anayemfahamu, akamlipa yeye mwenyewe, na kijana akapanda nyuma akiwa ameikumbatia ile kanga yenye pedi ndani, bado akinieleza kwa sauti ya juu jinsi mechi yake ya mwisho ingekuwa kama asingeruka.