Ugomvi wetu ulifuata mwezi

Nauza dagaa Kirumba, Mwanza, na mwanangu wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mwaka jana nilikuwa silali. Nikimwita haitiki, asubuhi haamki, sahani anaiacha palepale alipokula. Moyoni nilikuwa na neno moja tu: ananidharau.

Jirani akanishauri nimkunje mapema, kabla hajaota ndevu. Nikamnyang'anya simu, nikaifukia ndani ya gunia la dagaa stoo. Siku tisa hakunisemesha. Ya kumi narudi, namkuta kachuchumaa, magunia manne yako wazi, dagaa wamemwagwa kwenye turubai, anachambua kiganja kwa kiganja, jasho linamtiririka. Simu alishaipata, iko mezani. Alikuwa anajaza magunia upya, na mawili ameshayashona kwa sindano yangu. Nilisimama mlangoni na fimbo, nikakosa pa kuipigia. Mtoto anayenidharau angenishonea magunia? Dagaa wenyewe walivunjikavunjika, nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Ushauri gani ule!

Ndipo nikaanza kuweka alama kwenye daftari la wadaiwa, kila tukigombana mstari mmoja. Baada ya miezi mitatu nikaona: mistari imerundikana siku za mbalamwezi. Wa ziwani tunajua, mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, hela hakuna. Sahani ilikuwa ileile mwezi mzima. Aliyebadilika ni mimi.

Habari ya kuamka, muuguzi alinieleza kuwa kijana akibalehe saa ya mwili wake inasogea, usingizi unamjia usiku mwingi. Mimi nililelewa na baba ambaye ukichelewa kuamka unamwagiwa maji. Kila nilipomwona mwanangu kalala, niliyemsikia ni baba.

Siku hizi mwezi ukikaribia kujaa namwambia mapema: "Mwanangu, wiki hii biashara imelala. Nikifoka, usiyabebe yote." Na kina mama wenzangu, msianze kugomba kabla hamjala. Mwezi uliopita mistari ilikuwa miwili tu.

Juzi nilipaza sauti, ni sahani tena. Akatoka uani, akatazama juu, akarudi.

"Mama, leo ni giza. Hapa nimekosa mimi."

Akaichukua, akaenda kuiosha.