Paa la povu halikuhitaji kung'olewa

"Ng'oa lote, weka jipya." Karibu kila fundi aliyekuja kulikagua paa la ghala ninalosimamia hapa Phoenix, Marekani, alisema hivyo, na bei zao zilikuwa za kukausha mate. Mpaka leo nakasirika nikikumbuka. Povu la poliyurethani (plastiki inayopulizwa juu ya paa ikaumuka na kugumu) lililopulizwa vizuri na kutunzwa linafika miaka 30 na kuzidi. Kinachochakaa ni koti la juu, yaani tabaka linalopakwa kulikinga na jua. Likishapasuka, povu hugeuka rangi ya chungwa, kisha kahawia, na ukilipitishia kidole linatoa unga. La kwetu lilifikia hapo, lakini nilipokata kipande kwa kisu hadi chini nilikuta povu kavu, gumu, la manjano hafifu. Unaling'oa kwa lipi?

Kulikuwa na fumbo moja. Fundi mmoja aliyenitangulia alipaka koti la akriliki (rangi nzito ya plastiki) juu ya koti la zamani, upande wa nyuma wa ghala, na baada ya mvua za monsuni ikabanduka kama ganda la nyoka. Kila mtu alilaumu povu. Mimi nilisafisha sehemu mbili, moja nikapaka akriliki, nyingine silikoni (koti linalokauka kama mpira), na katika kila moja nikazamisha utepe wa kitambaa, ncha ikabaki nje. Nikaacha zikauke kabisa, ndipo nikavuta. Akriliki ilikuja yote kwa vidole viwili, mgongo wake safi. Silikoni ilinigomea, nilipokaza mkono ikang'oka na vipande vya povu. Koti la zamani lilikuwa la silikoni, na juu yake hushika silikoni mwenzake tu! Jaribio hilo lilinigharimu vijidola tu, na wataalamu wote wale hawakuwa wamelifikiria.

Tukakwangua unga, tukakata sehemu zilizolowa kandokando ya viyoyozi na kuzijaza upya, tukapaka koti la kijivu, kisha jeupe, ili paliporukwa paonekane. Gharama yote ilikuwa kama theluthi ya bei ya kung'oa.

Sasa napanda kabla ya monsuni ya Juni na baada yake. Nazibua mifereji, naokota skrubu za mafundi wa viyoyozi (hao ndio wananitobolea paa kuliko mvua ya mawe), na pale ndege walipodonoa naziba kwa silikoni ya kukamua kwenye tyubu siku hiyohiyo. Povu hili halisambazi maji pembeni, hivyo tundu likiwahiwa linabaki tundu tu. Koti jingine litahitajika baada ya miaka 10 hadi 15, na fedha yake nimeshaanza kuitenga.