Sauti Ambayo Eli Hakuisikia

Somo la juma: 1 Samweli 1:9–18 na 3:1–18

Wapendwa katika Kristo,

Kuhani Eli alikuwa ameketi kitini pake, karibu na mwimo wa hekalu kule Shilo, akimtazama mwanamke mmoja aliyedumu katika maombi, na Maandiko yanasema kwamba Eli alikiangalia kinywa chake. Midomo ilitikisika, sauti haikutoka, naye akaamua kwamba mama huyu amelewa. Inashangaza kwamba mtu aliyezeeka katika nyumba ya ibada ashindwe kuyatambua maombi yanayofanyika mbele ya macho yake; lakini tusiwe wepesi wa kumlaumu, maana watu wa Zaburi humlilia Mungu kwa sauti, na huenda kuhani hakuzoea kuona mtu akinena moyoni tu. Hana hakumjibu kwa hasira. Alisema kwamba hakunywa divai wala kileo, "ila nimeimimina roho yangu mbele za BWANA."

Kunena moyoni huko ndiko tunakokufanya kila siku bila kukuwekea maanani. Soma kimya kimya maneno haya: "BWANA ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Midomo imefumbwa, lakini wengi wetu tukijichunguza tutaona kwamba kuna sauti iliyoyatamka, ikatua kidogo penye koma, na pengine hata ulimi ukacheza nyuma ya meno. Mmoja husikia sauti yake mwenyewe. Mwingine, hasa kwa zaburi hii, husikia sauti ya mwalimu wa kipaimara au ya bibi aliyemkaririsha. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky wa Urusi, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1934, mwaka ule ule aliofariki, alieleza kwamba hatuzaliwi na sauti hii: mtoto huanza kwa kuzungumza na watu, baadaye huzungumza peke yake anapocheza, na maneno hayo hufifia hatua kwa hatua mpaka yanahamia ndani na kuwa sehemu ya kufikiri kwake. Nayaona maelezo hayo kuwa ya msaada kwa mwamini, kwa sababu yanatuonyesha kwamba sauti tunayoihesabu kuwa ya siri kuliko vitu vyote imefumwa kwa maneno ya waliotulea, yaani faraja zao, hofu zao na, kwa baadhi yetu, masimango yao.

Mbele za Mungu maneno hayo ya ndani ni maneno kamili. Tajiri wa Luka 12 hakumshirikisha jirani wala mke. Aliiambia nafsi yake tu kwamba ina vitu vyema vingi vya miaka mingi, ipumzike, ile, inywe, ifurahi, na Mungu akamjibu usiku ule ule kana kwamba walikuwa wameketi meza moja. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 alisema moyoni mwake kwamba akigusa tu upindo wa vazi atapona, naye pia akajibiwa. Waandishi kule Kapernaumu walidhani wameficha, wakaulizwa hadharani: "Mbona mnafikiri hivi mioyoni mwenu?"

Basi, kama Mungu husikia yanayosemwa ndani, je, kila tunachokisikia ndani kimetoka kwake? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, anasimulia katika kitabu chake cha Maungamo jinsi yeye na wenzake, alipokuwa Milano, walivyokuwa wakiingia kwa Askofu Ambrosi na kumkuta akisoma: macho yanapita juu ya kurasa, moyo unatafuta maana, sauti na ulimi vimenyamaza. Waliketi muda mrefu, kisha wakaondoka bila kumsumbua. Akijaribu kukisia sababu, Augustino anataja sauti ya askofu, iliyokuwa nyepesi kukauka, lakini kabla ya hiyo anataja nyingine: huenda Ambrosi alijihadhari asije akasikiwa na mtu ambaye angemtaka afafanue mahali pagumu. Nia ya Ambrosi simhukumu, maana mtu aliyezongwa na watu mchana kutwa ana haki ya nusu saa ya utulivu. Hata hivyo kisio hilo linatugusa, kwa kuwa anayesoma kimya hana wa kumuuliza, "Umelipata wapi hilo?" Neno la Mungu linamjia kwa sauti yake mwenyewe, kwa mkazo anaoupenda, na mistari inayomkera hupitwa haraka. Akifunga Biblia ni rahisi aichukue sauti ile aliyoizoea na kuipa jina la Bwana. Tumeona uchumba ukitangazwa, kiwanja kikinunuliwa na kwaya ikigawanyika kwa maneno "Bwana ameniambia", na hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi.

Mtoto wa Hana alikosea kwa upande wa pili. Mungu alipomwita usiku, Samweli aliidhani sauti ile kuwa ya mwanadamu, akaondoka mara tatu kumkimbilia Eli, na mara tatu hakuwa Eli aliyeita. Aliyemwelekeza ni mzee yule yule aliyeitazama midomo ya Hana akakosea; sasa macho yake yamepofuka, na sauti yenyewe hakuisikia, lakini anatambua ni nani anayeita. Pasipo yeye kijana angeendelea kukimbia huku na huko gizani. Tena tuangalie alichoambiwa Samweli: hukumu juu ya nyumba ya mtu aliyemlea. Hilo si neno ambalo kijana angejitungia, na kulipokucha aliogopa kulisema. Sauti inayoniambia kila siku kwamba mimi nina haki na wenzangu wamekosea, nina shaka nayo sana. Nayo ile isemayo kwamba sifai na sitasamehewa, mara nyingi nikiifuatilia nakuta ni maneno niliyoambiwa utotoni na mtu aliyekuwa amekasirika.

Wako pia wapendwa wasiosikia sauti yoyote ndani wanapowaza au kusoma; mambo huwajia kama picha, au kama kujua tu kusikokuwa na maneno. Wasijione wamepungukiwa. Paulo anasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Kwa juma hili napendekeza Zaburi 42 pamoja na ya 43, kwa sababu humo mwandishi hakubali kuisikiliza tu nafsi yake inayolalamika, bali anaigeukia na kuisemesha: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Nyumbani, kila mmoja azisome kimya, polepole, akiangalia ni wapi sauti yake inaharakisha. Tutakapokutana katika jumuiya zetu, mmoja azisome kwa sauti na wengine wafunge Biblia na simu zao, kisha kila mtu awe huru kumuuliza mwenzake amesikia nini na kwa nini. Kiitikio kile kinarudi mara tatu katika zaburi hizo mbili. Msomaji asikiruke kwa kuwa kimeshasomwa.