Makaburi ya Wapolandi Tengeru

Daladala kutoka Arusha ilinishusha Tengeru Jumamosi, siku ya gulio, barabara ya Moshi imejaa ndizi na mitumba. Nikamuuliza kijana wa bodaboda kama anayajua makaburi ya Wapolandi. "Ya wale wakimbizi wa Kizungu? Panda." Tukakata kona, tukapita migombani hadi ndani ya eneo la chuo cha mifugo.

Mzee anayeyatunza alikuwa anafagia majani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu. Saini kitabu kwanza, halafu zunguka utakavyo."

Ni makaburi karibu 150. Mengi yana msalaba wa Kikatoliki, machache wa Kiorthodoksi, na moja lina nyota ya Daudi. Nilikuwa nikisoma mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, napiga hesabu kichwani. Nilipofika kwenye kaburi fupi, lisilozidi hatua moja ya mtu mzima, hesabu ikanishinda, nikakaa chini.

Masaibu yao yalianza Februari 1940, Wasovieti walipoanza kuzikusanya familia za mashariki ya Poland na kuzipakia kwenye mabehewa ya mizigo kuelekea Siberia. Baridi, njaa na maradhi viliwamaliza wazazi wengi. Ujerumani ilipoivamia Urusi mwaka 1941, wafungwa hao wakaachiliwa. Walionusurika wakashuka kusini, wengi wakavuka Bahari ya Kaspi hadi Iran mwaka 1942, kisha meli zikawaleta pwani yetu. Tengeru ikapokea watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikaa kwenye vibanda vya duara, wakawa na shule, kanisa na makao ya yatima.

Hao yatima ndio wanaoniuma zaidi. Vita viliisha, lakini vijiji walikozaliwa vilikuwa vimemegwa na kutiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1949 padri Łucjan Królikowski akawachukua watoto na vijana wapatao 150 hadi Kanada, huku serikali mpya ya Poland ikidai warudishwe kwake. Mtoto aliyekwisha kumzika mama yake ugenini anagombewa na mataifa!

Nimesoma Vita vya Pili vya Dunia darasani, na Tengeru haikutajwa hata siku moja. Walimu wa historia wa Arusha na Moshi, waleteni wanafunzi wenu. Ni nauli ya daladala tu, na mzee atawafungulia geti.