Usimponde Huyo Mdudu, Mpulize

Naandika hii alama bado iko shingoni, nyeusi, imenyooka kama mtu amenichora na kijinga cha moto, na naiandika sasa hivi juu mvua imerudi Kisumu na jana usiku nimehesabu sita kwa ukuta wa veranda, chini ya taa. Nairobi flai. Kama uko karibu na ziwa ama mashamba ya mpunga nafikiri unawajua tayari.

Yangu ilianza Jumanne usiku. Nilikuwa nimekaa nje naongea kwa simu, nikahisi kitu kinatembea shingoni, nikakipangusa na mkono vile mtu yeyote angefanya, nikaendelea na stori zangu. Hakuniuma wala sikuwashwa. Nikaenda kulala bila kunawa. Jumatano asubuhi hakuna kitu, lakini jioni shingo ikaanza kuchoma kama nimemwagikiwa na uji wa moto, Alhamisi nikaona mstari mwekundu kutoka chini ya sikio hadi kwa bega, na kufika Ijumaa ni malengelenge madogo madogo yamepangana, siwezi kuvaa nguo ya kola, siwezi kulalia upande huo.

Nikaenda kliniki moja. Mhudumu akaniangalia kwa umbali, hata hakunishika, akasema huo ni mkanda wa jeshi, alafu akaniuliza mara ya mwisho kupima ukimwi ilikuwa lini, na watu wameketi hapo kwa benchi wanasikia. Wenye mnaishi huku mnajua mkanda wa jeshi mtu akiusikia anafikiria nini. Kupima ni vizuri na nilipima, lakini usiku huo sikulala, na si kwa sababu ya kuchomeka.

Mwenye alinisaidia ni jirani yetu mama mmoja ambaye nyumbani kwao ni Ahero, wanalima mpunga. Aliniona nikianika nguo, akaja karibu, akageuza shingo yangu kwa mwangaza.

"Nyathina, mwanangu, nani amekuambia huu ni mkanda? Huyu ni mdudu. Ulimponda."

"Sikumponda mama, nilimpangusa tu."

"Kupangusa ndio kuponda. Angalia, mstari umeenda vile mkono wako ulienda."

Na kweli ukiangalia ndivyo ulivyo. Mkanda wa jeshi unafuata mshipa wa fahamu, unakaa upande mmoja wa mwili, na mara nyingi maumivu hutangulia kabla hujaona kitu kwa ngozi. Huu wa mdudu unafuata mahali sumu ilipakwa. Ukimponda pale kiwiko kinapokunjika, unapata alama mbili zinazofanana, moja juu moja chini, kama muhuri.

Sasa huyu mdudu mwenyewe, jina linasema flai lakini si nzi, ni aina ya mbawakawa. Mwembamba, hafiki hata sentimita moja na nusu, kichwa cheusi, kifua chekundu kama chungwa lililoiva sana, mabawa mafupi yenye rangi ya buluu ama kijani iliyokolea, tumbo tena jekundu na ncha nyeusi. Akishtuka anainua mkia kama nge, ndio maana watu husema anadunga, lakini hadungi na haumi. Sumu iko ndani ya mwili wake, inaitwa pederini, na inatoka tu akipondwa. Inazuia seli za ngozi kutengeneza protini, na hiyo kazi inachukua muda, ndio unakaa karibu siku nzima bila kuhisi chochote ukidhani umeponea.

Kwa hivyo kitu cha kwanza, na kama utasoma hapa tu uache basi soma hii, ni SABUNI NA MAJI, hapo hapo, hata kama hujaona upele, hata kama ni saa nane usiku na maji iko kwa mtungi. Osha pale alipokuwa, osha mikono pia, juu mkono uliomponda ukigusa jicho shida inakuwa ingine kabisa. Shuka na nguo uliyovaa zifuliwe. Mimi ningenawa Jumanne hiyo, haya yote pengine yasingekuwa.

Ikishatokea hakuna dawa ya kuifuta usiku mmoja, unaituliza tu ikimaliza safari yake. Mimi nilichukua kitambaa safi cha pamba, maji baridi, nikawa naweka shingoni kama dakika kumi na tano, mara nne ama tano kwa siku, na hiyo ndiyo ilinisaidia kuliko kitu kingine chochote. Kemisti akanipa losheni ya kalamaini, setirizini ya kumeza usiku kwa mwasho, na haidrokotisoni ya asilimia 1 nipake kidogo. Usiende kuchukua zile krimu kali za kujichubua eti ziko na steroidi pia, ngozi ya shingo na uso ni nyepesi, itaharibika. Malengelenge usiyatoboe. Watoto wakatwe kucha.

Na tafadhali, mama na baba wenzangu, tuache kupaka watoto kologeti, mafuta ya taa, ndimu, jivu. Najua mnafanya kwa mapenzi, hata mimi nimepakwa hayo yote nikiwa mdogo, lakini hiyo ngozi tayari imeungua, na unaongeza kitu cha kuiunguza tena. Nimeona shavu la mtoto wa jirani likibanduka kwa sababu ya kologeti, sio mdudu.

Ikiingia jichoni osha na maji mengi safi alafu enda hospitali, usikae nyumbani na hiyo. Hali kadhalika upele ukianza kutoa usaha, ukivimba na kuenea ama homa ikakupata, hapo vijidudu vingine vimeingia na unahitaji antibiotiki za daktari.

Yangu ilianza kukauka siku ya saba hivi, magamba yakaanguka siku ya kumi na mbili. Alama inabaki wiki kadhaa, wengine miezi, kwa hivyo najifunga leso nikitoka kwa jua lisiifanye iwe nyeusi zaidi.

Wanakuja sana mvua ikizidi, wenye wanakumbuka El Niño ya 1997 na 1998 watakuambia vile ilikuwa. Wanafuata mwangaza, basi sisi tunazima taa ya veranda mapema, neti inashushwa kabla giza liingie, taulo zinakung'utwa, na nyasi karibu na dirisha tumefyeka. Sipigi dawa shambani lakini, juu yule mama wa Ahero aliniambia hao wadudu wanakula vidukari na wadudu wengine wa mpunga, na wakiwa huko hawana ubaya na mtu.

Jana usiku msichana wangu wa miaka sita alimwona mmoja kwa mkono wa kaka yake aliyekuwa amelala. Hakupiga kelele. Alipuliza, mdudu akaanguka kwa blanketi, akamwekea karatasi mpaka akapanda, akampeleka hadi mlangoni, alafu akaja kuniamsha tumwoshe kaka mkono na sabuni.