Kidonge Nisichoweza Kukiacha

Daktari wangu wa homoni hapa Berlin huniuliza, kila nikienda kumwona, kama bado niko radhi na uamuzi wa kuacha sindano za testosteroni, homoni ya kiume. Humjibu kuwa niko radhi, kisha tunahamia kwenye jambo zito zaidi, yaani kipimo cha hidrokotizoni, vidonge vya kuziba pengo la homoni ya kotizoli. Testosteroni niliianza kwa hiari yangu na nikaiacha kwa hiari yangu. Hidrokotizoni sina hiari nayo, kwa kuwa nilizaliwa na tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, zilizopungukiwa na kimeng'enya cha kutengenezea kotizoli, na badala yake hutoa homoni za kiume kwa wingi. Nikishikwa na homa kali huongeza kipimo maradufu au zaidi. Nikiacha vidonge kabisa, naweza kufa.

Kwa hiyo nilizaliwa Mombasa nikiwa na kromosomu za kike na mfuko wa uzazi, lakini kwa umbile la nje ambalo wakunga hawakujua waliiteje. Mama alishauriwa nipasuliwe mapema ili nifanane na wasichana wengine, naye alikubali kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kungoja. Utoto wangu wote nilimeza dawa za kuzituliza homoni za kiume. Nilipokuwa mtu mzima, ughaibuni, daktari mwingine akaniandikia homoni zilezile kwa sindano. Kuna siku jambo hili hunichekesha, na kuna siku halinichekeshi hata kidogo.

Niliishi kama mwanamume kwa miaka kadhaa, na sitaki kuitukana miaka hiyo, maana ilinipa pumzi. Hakuna aliyeshangaa mwendo wangu, mabega yangu wala mashati yangu. Kilichonirudisha ni kuwajua wasagaji waliokwisha kuwa watu wazima, wengine wenye mvi, waliovaa na kutembea kama mimi, na ambao hawakuwa na haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kuitwa wanawake. Nilikokulia sikuwahi kumwona tomboi aliyezeeka. Nafasi pekee niliyoiona ikiwa wazi kwa mtu wa namna yangu ilikuwa ya mwanamume, nami nikaingia humo.

Baada ya kuacha sindano, hedhi ilirejea na nyonga zikanenepa kidogo. Sauti haikurejea, wala haitarejea, kwa sababu nyuzi za sauti zikishanenepa hazipungui tena. Ndevu nazo nazinyoa kila asubuhi. Sheria mpya ya Ujerumani, inayomruhusu mtu kubadili jinsia yake katika usajili kwa tamko lake mwenyewe, ilipoanza kutumika Novemba 2024, nilitoa taarifa katika ofisi ya usajili, nikangoja miezi mitatu inayotakiwa, kisha nikaandikishwa tena kuwa mwanamke. Karani alinikumbusha kwa upole kwamba watu waliozaliwa kama mimi wana nafasi yao ya tatu katika daftari, isiyo ya kike wala ya kiume, ambayo imekuwapo tangu mwishoni mwa 2018. Nilimshukuru. Wapo huntha wanaoihitaji nafasi hiyo, na ninafurahi kwamba wameipata.

Linalonichosha ni huruma yenye masharti. Mei 2019, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyotumiwa dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Agosti mwaka huohuo, sensa ikatuhesabu huntha kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524. Tangu hapo baadhi ya jamaa zangu wamepata njia nyepesi ya kunitetea: huyu msimlaumu, ni maumbile, ni homoni tu. Wengine, waliposikia kwamba nimeacha testosteroni, walisema nimepona, wakaanza kuulizia habari za mume. Pande zote mbili zinataka tezi zangu zijibu swali ambalo hazikuulizwa. Wako wanawake wengi wenye hali hii hii ya adrenali walioolewa na wanaume na kuzaa, na wako wasagaji wengi wenye tezi zisizo na kasoro yoyote. Mimi nawapenda wanawake, na sihitaji cheti cha hospitali ili nisamehewe kwa hilo.

Desemba binti ya mamangu mdogo anaolewa, na usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Nilimpigia mama simu nikamweleza wazi kwamba nitakuja nikiwa na sauti hii, suruali na shati, na kwamba nitakaa upande wa wanawake.

"Shangazi zako watasema, mwanangu."

"Najua, mama."

"Basi waache waseme. Lakini dawa zako uzibebe za kutosha, na nyingine uziweke kwenye mkoba wa mkononi, mizigo isije ikapotea."