Hilux ambayo injini yake iligonga ikivuta trela mlima Kitonga: dawa ilikuwa pistoni

Hilux yenye injini ya 22R, petroli, lita 2.4. Kazi yake ni kuvuta mashine ya kupukuchulia mahindi. Ilikuwa imeundwa upya: silinda zimechongwa oversaizi 0.50 (zimepanuliwa kwa nusu milimita), pistoni mpya za taji bapa, hedi na bloku vimesawazishwa. Tambarare ilikwenda vizuri. Kwenye mlima wa Kitonga, gia ya pili, injini ikagonga (petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda) kama kokoto kwenye kopo na kuchemsha.

Kuchelewesha moto, yaani wakati wa cheche ya plagi, kulipunguza mlio, lakini nguvu ikapungua na joto likabaki palepale. Nikafungua injini.

Nilipima nafasi ya mwako kwa bomba la sindano, mafuta ya taa na kipande cha kioo chenye tundu. Pamoja na gasketi na taji la pistoni, ilibaki sisi (cc, sentimita za ujazo) 66. Silinda ya kipenyo cha milimita 92.5, mwendo wa pistoni wa 89, ni sisi 598. 598 gawanya kwa 66, ongeza 1: kompresheni, yaani kiasi mchanganyiko wa hewa na petroli unavyobanwa, ni 10 kwa 1. Gari tupu pengine lingevumilia. La kuvuta mlimani kwa petroli ya kawaida, hapana.

Ili kuishusha, wengi huweka gasketi nene kati ya hedi na bloku. Mimi sipendi: pistoni inabaki mbali na hedi, mchanganyiko hauvurugwi vizuri, na kugonga kunaweza kuendelea.

Nikachagua pistoni zenye bakuli (taji lenye shimo), nafasi ikaongezeka sisi 8. Kompresheni ikashuka hadi 9.1. Nilichukua za kusubu (za kumiminwa kwenye kalibu). Za kufuliwa (za kugongwa kwa nyundo au mashine) ni imara, ila hutaka uwazi mkubwa kati yake na silinda na hupiga kelele zikiwa baridi.

Moto ukarudi kwenye alama ya kiwandani. Sasa inapanda na mzigo wake, kimya.